Leseni za programu za takwimu: tusijifiche nyuma ya umaskini

Kila mwaka, msimu wa tasnifu unapoanza katika seminari na vyuo vyetu, kuna swali linalosikika kwenye korido kuliko maswali yote ya mbinu za utafiti: "Nani ana SPSS?" Anayeuliza hatafuti kitabu wala mwalimu. Anatafuta flashi yenye programu na ufunguo wa leseni, na mara nyingi hakuna anayejua ufunguo huo ulitoka wapi. Dodoso zimeshajazwa na waamini, msimamizi anasubiri majedwali, na tarehe ya kukabidhi kazi haisogei.

Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba halijadiliwi tena. Sisi tunataka lijadiliwe, kwa sababu halihusu mafrateri peke yao. Linahusu ofisi za parokia, idara za majimbo, shule na hospitali zetu, na kila muumini mwenye kijana chuoni. Msimamo wetu ni huu: leseni ya programu ni ahadi kati ya watu wawili. Aliyeinunua aitunze kama mali ya Kanisa inavyotunzwa. Asiyeweza kuinunua asiibe, kwa kuwa ipo njia nyingine halali, iliyo wazi na isiyolipiwa.

Ufunguo wa leseni ni nini

Programu kubwa za kuchambua takwimu ni kazi ya watu ya miaka mingi. SPSS ilianza mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ikatengenezwa kwa ajili ya watafiti wa sayansi za jamii. Mwaka 2009 ilinunuliwa na kampuni ya IBM. SAS ina kampuni yake tangu mwaka 1976, na Stata ilitoka mwaka 1985. Zote tatu zinauzwa, na kinachouzwa si programu yenyewe bali ruhusa ya kuitumia kwa masharti: na nani, kwenye mashine ngapi, kwa muda gani.

Ufunguo ndio unaothibitisha ruhusa hiyo. Kwa Stata, mnunuzi hupewa namba ya leseni pamoja na misimbo miwili ya kuandika mara ya kwanza anapoifungua. Kwa SPSS ya mtumiaji mmoja, programu husoma alama za kompyuta yenyewe, kisha ufunguo huamilishwa, yaani huwashwa rasmi, kwa ajili ya mashine hiyo. Ipo pia leseni ya pamoja: seva moja ya chuo hushika idadi fulani ya nafasi, na aliyefunga programu humwachia mwenzake nafasi. SAS hutumia faili la leseni lenye tarehe ya mwisho. Kampuni ya Posit, ambayo hadi mwaka 2022 iliitwa RStudio, hutoa ufunguo kwa programu zake za seva, na ufunguo huo huhesabu kila seva ulipowashwa.

Tunaeleza haya kwa sababu wengi hudhani ufunguo ni kama neno la siri la Wi-Fi, ambalo ukilijua unaweza kumpa yeyote. Sivyo. Ukifanana na kitu, unafanana na mkataba wa pango: unataja mpangaji, chumba na muda. Mpangaji hawezi kumpangisha binamu yake chumba kilekile kwa sababu tu ana ufunguo mfukoni.

"Lakini sisi ni maskini"

Hoja ya kwanza tunayoisikia ni ya umaskini, na hatutaki kuidharau. Bei za programu hizi hupangwa kwa dola. Kijana anayesomeshwa kwa michango ya jumuiya ndogondogo hawezi kulipa anacholipa mtafiti wa Ulaya. Kuna anayekwenda mbali zaidi na kumtaja Mtakatifu Thoma wa Akwino. Ni kweli kwamba katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 66, kifungu cha 7, Thoma anafundisha kwamba mtu aliye katika shida ya wazi na ya haraka anaweza kuchukua kilicho cha mwingine ili aokoke, na hilo haliitwi wizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inashika fundisho hilohilo.

Tuisome namba hiyo hadi mwisho. Inazungumzia shida ambayo njia pekee ya kuikabili ni kutumia mali ya mwingine, na mifano yake ni chakula, makazi na mavazi. Je, jedwali la asilimia katika sura ya nne ya tasnifu ni shida ya namna hiyo? Hata tukikubali kwamba ni shida, je, njia ni hiyo pekee? Hapo ndipo hoja inapovunjika. Kama tutakavyoonesha, majedwali yaleyale yanaweza kutoka kwenye programu ambazo waliozitengeneza wameziachia dunia bure, kwa hiari yao. Mwenye njaa aliyesimama kati ya shamba la jirani na meza aliyoandaliwa na rafiki hana ruhusa ya kwenda kuvuna shambani usiku.

Hoja ya pili husema: "Kampuni haipotezi kitu, maana nakala ni nakala tu." Lakini anayeandika homilia, anayetunga wimbo wa kwaya na anayechora ramani ya kanisa wote huuza kitu kinachoweza kunakiliwa. Tukikubali kwamba kinachonakilika si mali ya mtu, tutawaambia nini watunzi wetu wa nyimbo wanapolalamika kwamba kazi zao zinauzwa kwenye flashi mitaani? Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na sheria hiyo inalinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na muziki. Zaidi ya sheria ipo ahadi. Katekisimu namba 2410 inadai ahadi zitimizwe na mikataba iheshimiwe, mradi kilichoahidiwa ni cha haki. Anayebonyeza "nakubali" wakati wa kusakinisha programu ametoa neno lake.

Hatusemi kwamba wauzaji hawana wajibu. Haki humfunga muuzaji pia, na bei isiyojali tofauti ya vipato inastahili kusemwa waziwazi. Vyuo vyetu vikiungana kudai punguzo vitasikika kuliko frateri mmoja mmoja. Tena baadhi ya milango tayari iko wazi: Stata na SPSS zina leseni za wanafunzi zenye bei ya chini, na SAS ina huduma ya bure kupitia intaneti kwa ajili ya masomo. Tumeshangaa ni wachache kiasi gani waliowahi kuuliza kabla ya kukimbilia flashi.

Rahisi ghali

Kuna upande mwingine ambao hata asiyejali Amri ya Saba anapaswa kuujali. Programu iliyovunjwa kufuli, ambayo vijana huiita "kraki", huja na maelekezo ambayo kila aliyewahi kuiona anayafahamu: kwanza zima kinga ya virusi, kisha endesha faili hili. Maana yake ni kwamba mtu usiyemjua anakuomba ufungue mlango na kumfukuza mlinzi, nawe unakubali. Faili hilo linaweza kubeba kitu kinachoiba maneno ya siri, au kinachofunga mafaili yote na kudai fidia.

Kwenye laptopu ya frateri hasara inaweza kuwa tasnifu yake. Lakini fikiria karani wa parokia anayeombwa na kijana wa jirani "tuchambue hapa mara moja, kompyuta yenu ina nguvu". Katika kompyuta hiyohiyo mna orodha za ubatizo na ndoa, michango ya waamini kwa majina, namba za simu, pengine barua kuhusu ndoa zenye matatizo. Waamini waliyakabidhi hayo kwa Kanisa wakiamini yatafichwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Mbele ya hakimu, au mbele ya mama mjane ambaye siri yake imetoka, hatutaweza kujitetea kwamba tulikuwa tunahitaji majedwali.

Wahojiwa wa tasnifu nao wako hatarini. Ukurasa wa kwanza wa dodoso huahidi kwamba majibu yatakuwa siri. Mtafiti anayepeleka majibu hayo kwenye kraki ameyaweka mahali asipoweza kupalinda. Rahisi ghali, na safari hii gharama inalipwa na mtu ambaye hakushiriki hata kidogo katika biashara hiyo.

Leseni halali nayo hupotea

Tusiishie kuwalaumu vijana. Ziko taasisi za Kanisa zilizolipia programu kwa fedha halali, mara nyingi za wafadhili, kisha zikazipoteza kwa uzembe wa utunzaji. Ufunguo ulitumwa kwenye barua pepe binafsi ya mwalimu, mwalimu akahamishwa jimbo lingine, ufunguo ukaondoka naye. Laptopu ya idara iliharibika, ikatupwa ikiwa bado inahesabiwa kama mashine yenye leseni. Leseni ya mwaka ilikwisha wiki ya kukabidhi tasnifu, na hakuna aliyekuwa ameandika tarehe mahali popote. Mwishowe fedha zinaombwa upya kwa kitu kilichokwisha kulipiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sheria za Kanisa zinadai jambo hilohilo: kanuni ya 1283 inataka orodha kamili ya mali, na kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wafanye kazi kwa bidii ya baba mwema wa familia. Tumezoea kuorodhesha magari, viti na kalisi. Leseni nayo ni mali, ingawa haikai kabatini. Tunapendekeza mambo machache ambayo mweka hazina na mtu mmoja wa kompyuta wanaweza kuyaanza mwezi huu.

Kwanza, leseni inunuliwe kwa jina la taasisi na kwa barua pepe ya ofisi, si ya mtu. Mtu huhama, ofisi hubaki.

Pili, liwepo daftari la leseni. Kila mstari uoneshe jina la programu na toleo lake, siku iliponunuliwa, bei, idadi ya nafasi, imewashwa kwenye mashine ipi, nani anaitumia, na inakwisha lini. Funguo zenyewe zihifadhiwe kando, penye kufungwa. Zisibandikwe ukutani, wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Ufunguo uliosambaa unaweza kufungiwa na mwenye programu, na hapo wote watakosa.

Tatu, kabla ya kufuta, kuuza au kutupa mashine, leseni iliyomo izimwe rasmi ili nafasi irudi. Hili husahaulika kuliko yote. Kwa programu za seva za Posit, kwa mfano, ukifuta seva bila kuuzima ufunguo, nafasi ile huendelea kuhesabiwa kana kwamba seva ipo, na seva mpya inaweza kukataliwa. Itabidi uwaandikie wenye programu uombe ufunguliwe.

Nne, seminari nyingi zina intaneti ya kusuasua. Uulizeni mapema utaratibu wa kuamilisha bila intaneti. Mara nyingi upo: mashine hutoa faili la ombi, faili hupelekwa kwenye kompyuta yenye intaneti, na jibu hurudishwa kwa flashi. Angalieni pia saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na leseni nzuri kabisa inaweza kukataa kwa kudhani inadanganywa.

Tano, tofautisheni leseni ya kudumu na ya muda. Ya kudumu hukuachia toleo ulilonunua. Ya muda ikiisha, programu hugoma. Kwa hiyo tarehe ya kuhuisha iwekwe mbali na msimu wa tasnifu, na kila data ihifadhiwe pia katika muundo wa wazi kama CSV, ambao programu yoyote huusoma. Data za watu wetu zisifungwe ndani ya leseni iliyokwisha.

Meza iliyoandaliwa

Sasa turudi kwa yule asiye na fedha. Mwaka 1993 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, waliitambulisha lugha ya takwimu waliyoiita R. Mwaka 1995 waliiachia chini ya leseni huria ya GNU, na toleo la kwanza kamili lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Leo R inafundishwa na kutumiwa katika vyuo vikuu duniani kote, na haiombi ufunguo wowote. RStudio ya kwenye kompyuta binafsi, ambayo humrahisishia mtu kazi ya R, nayo ina toleo huria la bure.

Wanaoogopa kuandika amri hawajasahaulika. PSPP ilitengenezwa makusudi ili ishike nafasi ya SPSS: sura yake inafanana nayo na inafungua mafaili yake ya .sav. Zipo pia jamovi na JASP, hii ya pili ikiwa imetoka Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambazo mtu hubofya menyu na kupata jedwali. Asilimia, wastani, khi-mraba, uwiano, rigresheni: karibu yote yanayohitajika katika tasnifu zetu yamo. Maana yake ni kwamba hata aliyeanza kazi yake kwenye kraki hapotezi data zake. Aifute, afungue faili lake katika PSPP, aendelee. Akipata majibu yaleyale, nayo anapaswa kuyapata, atalala kwa amani.

Tuseme ukweli kuhusu ugumu pia. R ina mlima wa kupanda, na wiki mbili za kwanza zinachosha. PSPP haina kila kilichomo katika SPSS. Tena neno "bure" lisomwe kwa makini, kwa kuwa programu huria nayo ina leseni yenye masharti. Kampuni ya Anaconda, ambayo hukusanya pamoja vifaa vya lugha ya Python, ilibadilisha masharti yake mwaka 2020, na taasisi kubwa zenye watu zaidi ya 200 zikaanza kudaiwa malipo. Python yenyewe imebaki huria. Tabia ya kusoma masharti haina likizo.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yetu, hakimo kwenye kompyuta. Kimo katika sentensi moja ya miongozo ya vyuo vingi: "Data zichambuliwe kwa SPSS." Mwalimu anayeandika hivyo katika chuo kisicho na leseni hata moja anamwagiza mwanafunzi wake, bila kukusudia, aende kuitafuta kwa njia za giza, kisha ukurasa wa pili wa tasnifu anamtaka atie sahihi tamko la uaminifu. Sentensi hiyo ibadilishwe isomeke: "Data zichambuliwe kwa programu inayofaa na iliyopatikana kihalali, na itajwe pamoja na toleo lake." Hilo halihitaji bajeti, linahitaji kikao kimoja cha idara.

Tunaowaomba

Kwa magombera na walezi: ama nunueni leseni chache za pamoja na mzitunze kwa daftari, ama tangazeni waziwazi kwamba PSPP, jamovi na R zinakubalika, na muwapatie mafrateri siku mbili za mafunzo kabla ya msimu wa tasnifu. Mkikaa kimya katikati, flashi itaamua kwa niaba yenu.

Kwa maparoko na Halmashauri za Walei: kompyuta ya ofisi isisakinishwe kitu ambacho hakuna anayejua kilikotoka, hata kikiletwa na kijana mwema. Parokia zenye waamini waliosomea takwimu au kompyuta ziwaombe jioni moja kwa mwezi. Wengi wao hutoa sadaka ya fedha kila Jumapili, na hawajawahi kuombwa sadaka ya ujuzi wao.

Kwa mafrateri wenzetu: tunajiandaa kuhubiri uaminifu katika mambo madogo kwa watu watakaotukabidhi siri, sadaka na watoto wao. Hakuna atakayetukagua leseni ya programu siku ya kupewa daraja. Lakini mkono unaozoea kusema "hili dogo, halina mwenyewe" ndio mkono utakaoshika daftari la michango ya kigango. Msimu ujao wa tasnifu swali la korido na libadilike. Badala ya kuuliza nani ana ufunguo, tuulizane nani amekwishaijua PSPP, aje atufundishe.